Kumtafutia na kumtengenezea mwanafunzi baiskeli ya mtumba

Anayemnunulia mtu mwingine baiskeli mara nyingi huanza kwa kutazama baiskeli, na hapo ndipo fedha hupotelea. Anza na mpandaji. Kisha ijue njia yake na fundi aliye karibu naye, ndipo uende sokoni. Maelezo haya yamemlenga mwanafunzi wa sekondari ya kata huko mkoani, anayetembea kilomita 5 hadi 8 kwenda shule, na ndugu yake wa Dar es Salaam au mji mwingine mkubwa anayetaka kumpelekea usafiri. Ikiwa unamtafutia mama wa genge au mzee wa shambani, kazi ni ileile, ila mzigo utakuwa mkubwa zaidi.

Vipimo vya mtu na maswali ya kumuuliza

Mpigie simu. Mwambie avae viatu vya shule, aegemeze mgongo ukutani, abane kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja kikiwa kimepanda hadi mwisho, kisha mwenzake apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu mpaka sakafuni. Andika kipimo hicho kwa sentimita, maana utakitumia mara mbili. Ukinunua baiskeli ya kiume, yenye bomba la juu, kipimo chake kizidi kimo cha bomba hilo kutoka chini kwa sentimita 3 au zaidi, la sivyo siku atakaposimama ghafla ataumia vibaya. Mara ya pili utakitumia kupanga urefu wa kiti, na hilo litakuja baadaye.

Muulize kama anajua kupanda. Je, atavaa sketi? Sketi ya sare hunaswa na cheni au spoku, na binti akianguka mara moja mbele ya wenzake huenda asiiguse tena baiskeli hiyo. Njia ni ya mchanga, kokoto au lami? Nani atapakiwa nyuma? Usikubali jibu la "hakuna". Mdogo wake au dumu la maji vitapanda tu.

Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote: duka la vipuri au fundi aliye karibu naye ana tairi za saizi gani? Mwombe aende apige picha tairi na tyubu zilizoning'inizwa pale. Baiskeli nzuri ambayo tairi yake haipatikani gulioni kwao itakaa chini ya mwembe ndani ya mwaka mmoja. Kama picha inaonyesha 28 x 1 1/2 peke yake, umeshajua la kununua.

Aina tatu utakazokutana nazo

Ya kwanza ni baiskeli nyeusi ya kawaida, Phoenix ya Shanghai au Avon na Hero za Ludhiana, India. Wakenya wanaiita Black Mamba. Ni nzito, kama kilo 20, ina breki za fito (huvutwa kwa fito za chuma, si waya) na giya moja, na fundi yeyote wa kijijini anaifungua bila kufikiri. Mzigo inauweza. Kwa mtoto mfupi ni kubwa, na bomba lake la juu ni tatizo kwa sketi, ingawa ya kike ipo ukiitafuta.

Ya pili ni mtumba wa Japani: bomba limeshuka chini, mbele kuna kikapu, cheni imefunikwa, na mara nyingi ina taa ya dinamo na kufuli lililofungwa kwenye fremu. Kwa msichana wa sekondari hii ndiyo bora, ilimradi tairi zake zipatikane. Chagua ya giya moja. Zenye giya tatu zilizofichwa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ni nzuri mno mjini, lakini zikigoma kijijini fundi ataifunga kwa waya na mambo yataishia hapo.

Ya tatu ni ya mtindo wa milimani, yenye tairi pana na springi. Springi za bei nafuu hulegea na kuchosha mguu bure, kwa hiyo ukilazimika kuchukua aina hii, tafuta yenye foki (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) ya chuma kitupu.

Mtego wa namba za tairi

Watu hununua tairi "ya ishirini na sita" kisha wanashindwa kuivalisha. Ishirini na sita si moja. Tairi ya 26 x 1 3/8 ya mtumba wa Japani hukaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 590. Tairi ya 26 x 1.95 ya mtindo wa milimani hukaa kwenye 559. Hazibadilishani hata kwa nyundo. Vivyo hivyo 28 x 1 1/2 ya baiskeli nyeusi ni 635, wakati tairi nyembamba za Ulaya zinazoandikwa pia 28 ni 622. Na mtumba wa Japani wa inchi 27 ni 630, saizi ngumu kupatikana mikoani. Iache hata kama inang'aa.

Namba ya kuaminika ni ile yenye kistari iliyochapwa ubavuni mwa tairi, kama 37-590 au 40-635. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha ringi kwa milimita. Ya pili isipofanana, tairi haiingii.

Kuikagua sokoni

Nenda asubuhi, kwenye mwanga, ukiwa na utepe wa kupimia, uzi wa mita 3, sumaku ndogo, spana ya 15 na kitambaa.

Anza na fremu, maana sehemu nyingine zote zinanunulika. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, mahali linapoungana na shingo, yaani bomba fupi la mbele linaloshika usukani. Ukihisi uvimbe au mikunjo, au ukaona rangi imepasuka kwa mstari wa kuvuka, baiskeli iliwahi kugonga kitu kwa mbele. Achana nayo. Tazama pia maungio ya chini penye krenki (mikono inayobeba pedeli), na vipande viwili vinavyoshika ekseli ya nyuma. Ufa hapo huonekana kama unywele wenye kutu. Rangi mpya iliyopulizwa juu ya kila kitu, hadi kwenye nati, iogope: huficha ufa, na wakati mwingine huficha namba ya fremu iliyosagwa kwa tupa.

Kisha uzi. Funga ncha moja kwenye ekseli ya nyuma upande wa kushoto, uzungushe mbele ya shingo ya fremu, uurudishe hadi ekseli ya kulia na kuukaza. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la fremu linalobeba kiti, kushoto na kulia. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 3, fremu imepinda, tairi zitakuwa zinafuata njia mbili, na hakuna mafuta ya kutibu hilo.

Foki itazame kwa ubavu. Miguu yake inatakiwa ielekee mbele kwa mkunjo laini. Ikiwa imerudi nyuma na tairi inakaribia kugusa pedeli, imepindishwa na ajali.

Inua gurudumu moja moja na ulizungushe. Tazama ringi inavyopita kati ya mipira ya breki: kuyumba kwa milimita 3 kunarekebishika, kuyumba kwa kidole kizima kunamaanisha ringi mpya. Lisukume gurudumu kushoto na kulia kwa mkono. Likicheza, koni (nati za ndani zinazobana gololi) zimelegea au gololi zimekwisha. Likizunguka kwa kukwaruza, njia ya gololi imechimbika. Spoku zibonyeze mbilimbili. Zote ziwe na ukakamavu unaokaribiana. Baiskeli nyeusi huwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, basi zihesabu, hasa za nyuma upande wa cheni, ambako ndiko hukatika kwanza. Ukiwa na sumaku, igusishe kwenye ringi: isiponasa ni aluminiamu, haitakula kutu, na breki zake hushika vizuri zaidi wakati wa mvua.

Shika krenki zote mbili, uzitikise kwa pamoja kuelekea ubavuni. Zikicheza zote, gololi za katikati zimelegea. Ikicheza moja tu, pini inayoikaza kwenye ekseli yake, au nati, ndiyo mbovu. Kwenye krenki ya pini, tundu likishakuwa yai hakuna pini itakayokaa, basi hesabu krenki mpya.

Mwisho, jaribu kutoa bomba la kiti, lile linaloingia ndani ya fremu. Baiskeli zilizosafiri baharini ndani ya kontena mara nyingi bomba hili limeshikana kwa kutu. Lisipozunguka hata kidogo, hutaweza kumpangia mtoto urefu, na muuzaji akikwambia "utalipiga mafuta tu litatoka", mwambie alitoe yeye kwanza.

Bei na uhalali

Kabla ya kuzungumza bei, andika kila kinachohitaji kubadilishwa na uulize bei zake duka la jirani. Dar es Salaam, mitaa ya Kariakoo itakupa bei halisi kwa nusu saa. Tairi mbili, tyubu mbili, cheni na mipira ya breki vikikaribia nusu ya bei ya baiskeli, tafuta nyingine au shusha bei kwa karatasi hiyo mkononi. Wauzaji huiheshimu orodha kuliko kelele.

Namba ya fremu, ambayo huwa chini ya krenki au kwenye bomba la fremu linalobeba kiti, inakiliwe kwenye risiti pamoja na jina na simu ya muuzaji. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikishaneni mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Kibandiko chenye maandishi ya Kijapani ni cha usajili wa kule kwao wa kuzuia wizi. Hapa hakithibitishi umiliki wa mtu yeyote. Risiti au maandishi hayo ya mauziano yatamfuata mwanafunzi, kwa sababu ndiye atakayeulizwa njiani.

Kuifungua na kuipaka grisi

Usikurupukie rangi. Baiskeli ya mtumba huuawa na gololi kavu, na kazi yake kubwa iko ndani ya habu mbili, krenki na shingo. Andaa robo kilo ya grisi ya beringi za magari, lita moja ya mafuta ya taa, vitambaa na sahani mbili.

Fungua koni upande mmoja tu wa kila habu, ukitanguliza sahani chini kwa ajili ya gololi. Habu ya mbele kwa kawaida hubeba gololi 10 za inchi 3/16 kila upande, ya nyuma 9 za inchi 1/4 kila upande, na krenki 11 za inchi 1/4 kila upande zikiwa hazina kizimba (ringi ndogo ya kuzishikilia). Shingo hutofautiana, basi nenda dukani na gololi moja ya zamani kama mfano. Badilisha zote kwa pamoja. Kuchanganya mpya na kuukuu hufanya mpya zibebe mzigo peke yao na kupasuka.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha, jaza grisi nusu ya bakuli (kikombe cha chuma zinamokaa gololi), panga gololi, rudisha koni. Kukaza ndiko kunakowashinda wengi. Kaza koni kwa vidole mpaka igote, rudisha robo mzunguko, kisha ishike kwa spana nyembamba huku ukikaza nati ya nje. Gurudumu sahihi, likiachwa, hujizungusha lenyewe mpaka uzito wa valvu ukae chini, na halichezi ubavuni. Likigoma umekaza mno, na koni itachimbika ndani ya wiki chache.

Upande wa kulia wa krenki usifungue bakuli lake. Hesi zake kwenye baiskeli hizi huwa za kinyume, na wengi huharibu fremu kwa kulazimisha. Fungua bakuli la kushoto pekee, osha la kulia likiwa mahali pake. Pedeli ya kushoto nayo ina hesi za kinyume: hufunguka ukizungusha kama mshale wa saa. Ikikufungukia kirahisi kwa njia ya kawaida, hesi zimeshakufa.

Pini za krenki zisipigwe nyundo hivi hivi. Legeza nati hadi ilingane na ncha ya pini ili kulinda hesi, weka bomba zito la chuma lisimame kutoka sakafuni hadi chini ya krenki, kisha piga pigo moja la nguvu. Bila bomba hilo, kila pigo linaingia kwenye gololi na kuchimba bakuli. Wakati wa kurudisha, pini mbili zielekee pande tofauti. Zikielekea upande mmoja, pedeli hazitakuwa kwenye mstari mmoja na mpandaji atahisi anachechemea.

Cheni, ringi na tairi

Pima cheni ikiwa imenyooshwa: viungo 24, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni milimita 305. Ikifika 307 badilisha. Ikifika 308 na kuendelea, sproketi (gurudumu la meno la mbele) na friwili (la nyuma) huenda vimeshaliwa pia, na cheni mpya itaruka kwenye meno ya zamani kila anapokanyaga kwa nguvu kupanda mlima. Cheni ya giya moja ni ya upana wa inchi 1/8; ya 3/32, ya giya nyingi, usiichukue. Ikishafungwa, katikati ipande na kushuka kama sentimita 1.5. Ikikazwa kama kamba ya gitaa hula gololi za nyuma.

Ipake mafuta mepesi tone moja kwa kila kiungo, zungusha, kisha futa ya nje yote. Oili chafu ya injini, ile nyeusi ya bure kutoka gereji, ina unga wa chuma ndani yake, na ikichanganyika na vumbi huwa msasa.

Kunyoosha ringi kunahitaji subira. Ikivutika kushoto, kaza nipeli (nati ndogo kwenye ringi) za spoku zinazotoka upande wa kulia wa habu, robo mzunguko kila moja, na legeza za kushoto kiasi hichohicho. Usizidishe kabla ya kuizungusha na kutazama tena. Ncha za spoku zikichomoza ndani ya ringi, zisawazishe kwa tupa.

Baada ya hapo weka mkanda wa ringi. Mtumba mwingi hauna, na hicho ndicho chanzo cha pancha zisizoeleweka: tundu liko upande wa ndani wa tyubu, unaotazama ringi. Kata utepe wa tyubu kuukuu, upana wa sentimita 2, uzungushe juu ya vichwa vya nipeli.

Tairi yenye nyufa ubavuni zinazoonyesha nyuzi, tupa. Kwa kuziba tyubu, sugua kwa msasa eneo lipite ukubwa wa kiraka, paka gundi nyembamba, subiri kama dakika 5 mpaka ikiguswa isinate, ndipo ubandike na kugandamiza. Kiraka kilichowekwa gundi ikiwa mbichi hubanduka kwenye jua la saa sita. Valvu za aina ya zamani hufungwa kwa kimpira chembamba kama mrija. Kikiwa kimekakamaa hewa huvuja usiku kucha bila pancha. Paka mate mdomoni mwa valvu uone kama yanatoa povu. Upepo ujaze kwa kiwango kilichochapwa kwenye tairi. Kama kimeandikwa kwa kPa, 300 ni karibu psi 44.

Breki, kiti na keria

Breki za fito husukuma mipira juu, kwenye uso wa ndani wa ringi. Ringi za aina nyingine hazina uso huo, kwa hiyo usibadilishe ringi bila kubadilisha breki nzima. Acha milimita 3 kati ya mpira na ringi. Mtumba wa Japani mara nyingi una breki ya mkanda nyuma, ndani ya kikombe, nayo hupiga kelele. Usiiwekee mafuta hata tone, kwani kelele itaisha na breki itaisha nayo. Waya wa breki uliochakaa hata uzi mmoja ubadilishe, ni wa bei ndogo.

Sasa rudi kwenye kile kipimo cha kitabu. Shusha pedeli moja chini kabisa, pima kutoka juu ya pedeli hadi juu ya kiti: ilingane na kipimo chake. Kama ndiyo kwanza anajifunza, punguza sentimita 4 ili miguu ifike chini, na mweleze apandishe baadaye. Bomba la kiti libaki ndani ya fremu sentimita 7 au zaidi, limepakwa grisi.

Keria ya mtumba wa Japani huwa imepigwa chapa neno CLASS na namba, kama 18 au 27. Hizo ni kilo inazobeba. Ya 18 haibebi mtu, kwa hiyo kama mdogo wake atapakiwa, funga keria nzito ya baiskeli nyeusi yenye miguu minne. Kwa anayevaa sketi hakikisha kifuniko cha cheni kipo, na funga wavu au kitambaa kigumu kufunika nusu ya juu ya gurudumu la nyuma. Kengele na kiakisi chekundu cha nyuma vinamaliza kazi. Rangi ni hiari.

Kujaribu na kusafirisha

Funga kiroba cha mchanga wa kilo 15 nyuma, uiendeshe kilomita 5 zenye mlima na mashimo. Spoku zitalia mwanzoni zikikaa sawa. Rudi, nyoosha ringi tena, kaza upya koni na nati zote.

Kwa basi, toa pedeli, geuza usukani ulingane na fremu, funika friwili na sproketi kwa kiroba, na mtumie picha ya kila ulichofungua. Weka kwenye kikapu pampu, spana ya 15, tyubu moja, gundi na viraka, vimpira vitatu vya valvu, spoku nne za urefu wake, pini mbili za krenki kama inatumia pini, na kufuli. Karatasini andika namba ya tairi, namba ya fremu, na breki ipi ya mkono ni ya mbele, kwa sababu anayebana ya mbele peke yake akishuka mlima wa changarawe hurushwa.

Baada ya kama kilomita 30 za kwanza nati za pini za krenki na za ekseli hulegea hata kwenye kazi nzuri. Mpigie simu Jumamosi ya kwanza, abaki kwenye laini akizikaza moja moja, kisha atikise krenki na magurudumu na akueleze kama kuna kinachocheza.